Gari la Kunong'ona

Kitu gani kinakula kuliko wewe, kinalala nje, kikiugua unakaa njaa, na bado ukikiosha unatabasamu? Msijisumbue, ni gari. Kila mwenye gari ana kisa chake. Cha Mama Mito inafaa kisimuliwe polepole, kwa sababu mwenyewe hukisimulia mbio mbio, hasa akifika pale katikati.

Jina la Mama Mito alipewa kazini. Alikuwa mshonaji na mjazaji wa mito ya makochi katika karakana ya samani, na karakana yenyewe ilikuwa mji wa pili, mwendo wa karibu saa nzima kwa barabara kuu. Kiganja chake kilikuwa na sifa. Akibonyeza sponji mara moja tu, anakwambia hii itakuzika na hii utaizika. Wifi yake, dada wa marehemu mumewe, alikuwa karakana hiyo hiyo, chumba cha nyuma, akipiga miguu ya viti msasa na vanishi. Wenzao walikuwa wakisema kochi likitoka pale limezaliwa na ukoo mmoja: juu Mama Mito, chini Wifi.

Na nyumbani walikaa pamoja. Mume alipofariki, watu walidhani Wifi atafungasha, maana aliyemweka pale alikuwa kaka yake. Hakufungasha. Alibaki katika chumba chake cha karibu na jiko, na kila asubuhi wawili hao waliingia garini, mmoja na chupa ya chai, mwingine na maneno. Maneno yenyewe yalikuwa vitendawili. Mmoja anatega, mwingine anategua, akishindwa anatoa mji. Wifi alikuwa hodari hasa. Kama miji ile ingekuwa ya kweli, angekuwa malkia na Mama Mito angekuwa mpangaji wake.

Hizo zilikuwa enzi za pikapu ya marehemu, wakipita barabara ya zamani kwa mwendo wa kusindikiza mgeni. Pikapu ikafa kifo cha heshima. Mama Mito akanunua kigari kilichotumika, cha kijani, na mwezi huo huo barabara kuu ikafunguliwa. Huko hakuna kusindikizana. Huko ukijikokota, lori linakuja nyuma yako na kukuuliza kwa honi kama umelala.

Basi kigari kile kikifika mwendo wa barabara kuu kilipiga ukelele kama mashine ya kusaga iliyoishiwa nafaka. Mlango wa kushoto ulipiga mluzi. Kiti cha dereva kilikuwa kimekufa sponji, mwenye kiganja chake anaona aibu kukikalia. Wifi anatega kitendawili, Mama Mito anaona midomo inacheza. Mwanzoni alikuwa akiuliza, "Eeh?" Wifi anarudia. "Eeh?" Anarudia tena. Lakini mtu ukisema "eeh?" mara tatu unajiona umezeeka ghafla, na Mama Mito hakuwa na haraka ya kuzeeka mbele ya wifi. Akaanza kutikisa kichwa na kusema, "Mhm." Ni neno zuri, linaenea kila mahali kama dera. Wifi akasema hiki, "Mhm." Akasema kile, "Mhm." Baadaye Wifi akaacha kusema, akawa anatazama dirishani, na chupa ya chai ikawa ndiyo pekee inayochangamka humo ndani.

Jioni moja wakikunja nguo, Wifi akasema bila kuinua macho, "Wifi, nimepata chumba."

"Chumba cha nini?"

"Cha kukaa. Kule kule mjini, nyuma ya karakana. Mwenye nyumba anasema atanisubiri mpaka mwisho wa mwezi."

Moyo wa Mama Mito ulidondoka ukagonga sakafu, yeye mwenyewe aliusikia. Lakini mdomo wake, ambao tangu utotoni haujawahi kuutii moyo, ukasema kwa sauti tamu kabisa, "Vizuri! Utapumzika na hizi safari."

"Mhm," Wifi akasema.

Kama kungekuwa na mashindano ya kusema neno lisilotakiwa kwa wakati usiotakiwa, Mama Mito angekuwa na kabati zima la vikombe. Alikwenda chumbani akakaa kitandani, akaitazama nyumba ikiwa na yeye peke yake ndani, vyumba vyote vikimwangalia. Kusema "Wifi, usiende" ni maneno mawili tu, na hayana gharama. Yeye akaona ni rahisi zaidi kununua gari.

Msimcheke bado, akili yake ilikuwa na hesabu. Kilichomchosha Wifi, alijiambia, ni kelele. Zamani walikuwa wakicheka njia nzima, Wifi hakuwa na habari ya chumba chochote, wala cha nyuma ya karakana. Kelele ikiondoka, kicheko kitarudi. Kicheko kikirudi, nani atahama? Kwa hiyo linatakiwa gari dogo, lisilo na makuu, lililotumika lakini halijachakaa, kiti cha kushika mgongo, na juu ya yote, liwe gari la kunong'ona. Na lipatikane kabla mwezi haujaisha.

Kwa watu alisema ni mgongo. Binti yake akapiga simu kutoka mbali.

"Mama, gari la nini tena?"

"Mgongo, mwanangu. Mgongo unaniua."

"Pole. Basi nenda na fundi akakuchagulie."

"Fundi wa nini? Mimi naendesha gari tangu wewe uko mgongoni."

"Ndio maana unauma," binti akasema, akakata simu akicheka.

Wakaanza kuzunguka mayadi, baada ya kazi na siku za mapumziko, yeye na Wifi. Wifi alikubali kwenda bila kuuliza sana. "Nikusaidie kabla sijaondoka," alisema, na Mama Mito akajifanya anatafuta funguo kwenye mkoba ili asione uso wake.

Mama Mito alikuwa na mitihani yake, wala hakujifunza kwa mtu. Wa kwanza ni wa kiganja. Wateja wengine hufungua boneti wakakunja uso kama madaktari. Yeye alifungua mlango akabonyeza kiti, katikati, pembeni, chini ya kiuno. Hakutaka kiti laini. Laini ya dukani inakubembeleza kwa dakika mbili halafu inakutupa, na wanaolia na makochi ni wale wale waliopenda kuzama. "Kiti cha safari," alimwambia Wifi, "kiwe kama mama mkwe mwema. Kikushike, kisikubembeleze."

"Wewe ulibahatika, mama mkwe wako alikuwa mama yangu," Wifi akamjibu. "Alikushika mpaka ukaomba maji."

Mtihani wa pili ulikuwa wa kitendawili. Wifi anakaa kiti cha nyuma, wanakwenda barabara kuu, na gari likishika mwendo Wifi anatega kwa sauti ya kawaida, ile ya kuomba chumvi mezani. Mama Mito akilazimika kusema "Eeh?" gari limefeli.

Yakafeli, jamani. Lilianza jekundu moja, kiti chake ukikikalia unazama mpaka unauona usukani kwa juu, kama mtu aliyeko kisimani anavyoiona ndoo. Kwenye barabara kuu likapiga kelele. Likafuata la bluu, mpira wa mlango umeliwa, upepo unaingia na kutoka kama jirani. Kelele. Lingine lilikuwa na matairi mapana yanayong'aa, muuzaji anayasifia kama anaposa. Kumbe matairi mapana yanavuma, na hili nalo likavuma na kupiga kelele juu yake. Likaja la kijivu ambalo Mama Mito hakuliona kosa hata moja, milango inafunga kwa sauti ya mtu anayefumba mdomo, kiti mama mkwe mtupu. Alilipenda. Likafika mwendo likaangua kilio kile kile cha mashine ya kusaga. Mama Mito alipiga usukani.

"Haya magari yote yanalia kwa sauti moja! Kama yamefundishwa na mwalimu mmoja!"

"Eeh?" Wifi akauliza kutoka nyuma.

Wauzaji nao, waliokuwa wakikaa kiti cha mbele pembeni yake, walikuwa na namna yao. Mama Mito akirudi yadini na kutoa hukumu, huyu anakohoa, yule anakuna sikio. Mmoja alimwambia kwa adabu nyingi, "Mama, inaonekana wewe ni dereva wa zamani." Alifurahi mpaka akamsimulia binti yake. Kazini, saa ya chai, akawa anatoa mihadhara. Magari ya siku hizi hayana subira, alisema, yanalalamika kabla hayajafanya kazi. Mhasibu wa karakana, aliyekuwa anataka kununua kigari, akamsikiliza, akaahirisha. Mama Mito akajiona ameokoa mtu.

Mwezi ukabaki mkia. Wifi alikuwa ameshaanza kuweka vyombo vyake vichache kwenye katoni, vikombe ameviviringisha ndani ya khanga ili visigongane. Mama Mito alikuwa akipita mbele ya mlango ule anatazama upande wa pili.

Yadi ya mwisho ilikuwa karibu na kituo cha mafuta. Muuzaji wake alikuwa mwanamume mwembamba, mpole, kalamu sikioni. Akawaonyesha gari dogo, rangi ya maji ya mchele, ambalo halikuvutia macho ya mtu yeyote, na pengine ndiyo maana lilikuwa bado lipo. Mama Mito akabonyeza kiti. Kikambonyeza naye, kidogo, kwa heshima. Akapitisha kidole kwenye mpira wa mlango wote, kama anavyopitisha kwenye mshono. Mzima. Akainama kutazama matairi: membamba, yana meno yote.

"Linaendesheka barabara kuu?" akauliza.

"Twende ulione, mama. Ila kwetu utaratibu ni huu: kwenda naendesha mimi, kurudi anaendesha mteja. Mteja akae kwanza kama abiria, alisikilize."

"Utaratibu wa ajabu," Mama Mito akasema, lakini akakaa mbele, pembeni yake. Wifi akakaa nyuma katikati, shingo imejitokeza baina ya viti viwili.

Wakaingia barabara kuu. Malori yakapita, mistari ikaanza kukimbia. Mama Mito akajikaza kama mtu anayesubiri sindano.

"Kitendawili," Wifi akasema kwa sauti ya kuomba chumvi.

"Tega!" Mama Mito akajibu, na ndipo akagundua kwamba amesikia.

"Shanga nyeupe za bibi zimetandazwa mchana kutwa, hakuna anayezivaa."

"Mistari ya barabarani!"

"Umepata," Wifi akasema, na akacheka. Kile kicheko cha zamani, cha puani kwanza halafu ndio kinatoka. Mama Mito akageukia dirisha. Muuzaji alipomwona anafuta macho akauliza kama kuna tatizo.

"Vumbi," akasema. Madirisha yote yalikuwa yamefungwa.

Walipofika pa kugeuzia wakabadilishana viti. Mama Mito akafunga mkanda, akasogeza kiti, akajinyoosha kama bibi harusi. Akaondoka. Moja, mbili, tatu, nne, akaingia barabara kuu. Na lile gari la maji ya mchele, lililokuwa limenyamaza kama paka kwenye jua, likafungua kinywa na kulia. Kilio kile kile! Kwenye kioo Mama Mito aliiona midomo ya Wifi ikicheza. Muuzaji alishika magoti yake, anatazama mbele.

Mbele kidogo palikuwa na mahali pa kupumzikia magari. Mama Mito akaingia, akasimamisha, akazima.

"Mwanangu," akasema, "iko wapi?"

"Nini, mama?"

"Swichi."

"Swichi gani?"

"Uliyobonyeza wakati wa kuja ili linyamaze. Mimi si mtoto." Akainama, akainua zulia la miguuni, akapapasa chini ya usukani, akapata ganda la pipi. "Na hii?"

"Hilo ni ganda la pipi, mama."

"Naona. Basi gari linakujua wewe. Umelizoesha."

Muuzaji akatoa kalamu sikioni, akaitazama, akairudisha. "Mama, samahani sana, mimi ni kama mwanao. Labda, yaani, ikikupendeza... tungeongeza gia."

"Niongeze gia? Nimetia moja, mbili, tatu, nne. Zimeisha! Unataka nitie na ya kwako?"

Halafu shingo ya Wifi ikajitokeza baina ya viti.

"Wifi. Yeye alisukuma kile kijiti mara moja zaidi yako."

"Wewe hujui gari."

"Gari sijui. Kuhesabu nilifika."

Wote watatu wakatazama kijiti cha gia. Juu ya kirungu chake, kwa rangi nyeupe isiyotaka ugomvi na mtu, palichorwa njia za gia na namba zake. Moja, mbili, tatu, nne. Na tano.

Ngoja niwaeleze, maana Mama Mito hapa ndipo anapopenda kuruka. Alifundishwa kuendesha na marehemu mumewe kwenye ile pikapu, na pikapu ilikuwa na gia nne. Marehemu alimwonya: ukiwa unakwenda mbele, mkono usiende kule kulia kabisa, kule ni kurudi nyuma, utalivunja gari meno. Mke mtiifu akashika. Aliponunua kile kigari cha kijani, wiki ya kwanza tu alikishonea kirungu cha gia kimto kizuri cha maua, chenye lastiki, akafunika namba zote. Na hayo magari mengine ya mayadini? Hakuyatazama kijiti hata mara moja. Anayejua njia hasomi vibao.

"Tangu lini zimekuwa tano?" akauliza kwa sauti ndogo.

"Zamani kidogo, mama," muuzaji akasema.

"Na wale wenzako wa yadi nyingine waliniona?"

Akasita. "Mama, wateja wanasimuliwa. Huku mayadini tunakuita Mama Nne." Akaongeza haraka, "Kwa heshima."

Wifi alianguka kwenye kiti cha nyuma. Hakukaa tena, alilala, miguu imepanda mlangoni, anacheka bila sauti, anajipiga kifua. "Mama Nne!" alipopata pumzi. "Wifi, nizike! Mama Nne!"

Mama Mito alitaka kukasirika. Alikusanya uso vizuri kabisa, akauandaa. Lakini akakumbuka mihadhara yake saa ya chai, na mhasibu masikini anayetembea kwa miguu kwa ushauri wake. Akalikumbuka gari lake la kijani lililo yadini, lenye gia ya tano mpya kabisa, haijaguswa, kama zile sahani za kabatini zinazosubiri mgeni asiyekuja. Akalikumbuka la kijivu, lililolia bila kosa. Kicheko kikamtoka bila ruhusa, akalalia usukani, na honi ikalia, na hilo likawachekesha wote upya.

Walipotulia, Wifi akahamia mbele na muuzaji akaenda nyuma, magoti yamekutana na kidevu, kama mtoto anayepelekwa kupimwa uzito. Mama Mito akarudi barabarani. Alipofika nne, gari likaanza kulia, mkono wake ukaganda.

"Kulia, mama, halafu juu," muuzaji akasema.

"Marehemu alisema meno yatavunjika."

"Ya kurudi nyuma iko chini. Hii iko juu, mama."

"Sukuma, wifi," Wifi akasema, "kaka ataelewa."

Akafumba jicho moja, la pili akalibakizia barabara. Akakanyaga klachi, akasukuma.

Gari likashusha pumzi. Kelele ikaondoka kama mgeni mbishi aliyeitiwa usafiri, ukabaki mvumo mdogo wa matairi, na mlio wa saa ya mkononi ya muuzaji. Mama Mito aliogopa hata kumeza mate. Sasa hakukuwa na kitu cha kusingizia.

"Kitendawili," Wifi akasema. Safari hii hakuwa anacheka.

"Tega."

"Nagonga mlango. Mwenyewe yumo, taa inawaka. Ananiitikia, wala hafungui."

Mama Mito akafikiri. "Konokono."

"Sio."

"Kuku anayeatamia."

"Sio."

"Mwenye deni?"

"Sio. Nipe mji."

Na hapo, mdomo wa Mama Mito, ule mbishi, kwa mara ya kwanza ukausikiliza moyo. Labda kwa sababu kulikuwa kimya.

"Chukua mji wowote unaoutaka," akasema. "Ila ule wa kazini usiuchukue, wifi yangu. Huo niachie."

Lori likawapita, likaenda zake.

"Jibu ni wewe," Wifi akasema mwishowe.

"Mimi?"

"Wewe. Muda wote huu nakusemesha humo garini, unaniitikia mhm. Nakwambia nimeota kaka, mhm. Nakuuliza kama nimekukosea, mhm. Nikasema basi, aliyenileta hayupo, huyu mtoto wa watu ataniweka mpaka lini? Mtu akichoka na mgeni hamwambii ondoka. Anamwambia mhm."

"Wifi! Nilikuwa sikusikii!"

"Hukusikia nini?"

"Hata kimoja! Niliona aibu kusema eeh, eeh, kama kikongwe. Nikawa naitikia tu. Kwa nini hukunikalisha ukaniambia?"

"Nilikuambia. Tena mara mbili."

"Lini?"

"Garini."

Huko nyuma muuzaji akakohoa. Mama Mito hakumsikia, japo sasa alikuwa anasikia kila kitu.

"Na wewe," Wifi akasema, "nilipokwambia chumba, ukasema vizuri, utapumzika. Kwa furaha! Nilikwenda kulia jikoni."

"Mimi nilikwenda kulia chumbani."

"Ukuta mmoja huo."

"Ukuta mmoja. Halafu nikaenda kutafuta gari, ili ukae."

"Si ulisema mgongo?"

"Mgongo nimeuzoea."

Wifi akamtazama kwa muda mrefu, kama anavyotazama mguu wa kiti uliotoka vibaya lakini bado unaweza kurekebishwa. "Umezunguka mayadi yote, umeitwa Mama Nne, ili usiseme maneno mawili."

"Mhm," Mama Mito akasema, akajiziba mdomo.

"Mama, samahani," sauti ikatoka nyuma, "hapa ndipo pa kutokea." Kibao kikawapita. "Palikuwa."

"Pengine ni wapi?"

"Ni mbali kidogo, mama."

"Afadhali," Mama Mito akasema. "Na wewe mwanangu, nalichukua hili gari. Lile la kwangu nalo lina ya tano, lakini kiti chake kilikufa na mlango wake una mdomo. Tutaelewana tukifika. Kama tutafika." Kisha, bila kugeuka, "Wifi, mwenye nyumba yule utamwambiaje?"

"Nitamwambia nimepata gari lenye nafasi." Akajinyoosha kwenye kiti, akakibonyeza kwa kiganja kama alivyoona watu wakifanya. "Lakini nina sharti."

"Sema. Nasikia."

"Nataka kujua kuendesha. Siku umechoka, nikushike. Siwezi kukaa maisha yangu yote nahesabu tu gia za watu."

"Hilo tu! Mbona dogo. Kesho asubuhi nakuanza mimi mwenyewe, hatua kwa—"

"Si wewe."

Mama Mito akafungua kinywa. Wifi alikuwa ameshageuka nyuma, mkono kwenye kiti.

"Mwanangu, wewe siku ya mapumziko una nafasi? Unaonekana mpole, na namba unazijua zote."

"Nitajitahidi, mama," muuzaji akasema.

Mama Mito akaona kibao cha njia ya kutokea kinakuja, akajiambia angalau hapa atawaonyesha kwamba yeye ni dereva wa miaka mingi. Akainua kidole kwa madaha, akashusha kijiti cha usukani alichodhani ni cha taa ya kuashiria. Wipa zikaanza kupangusa kioo kikavu, kwenda na kurudi, kwenda na kurudi, huku anga jeupe kabisa.

"Unaona?" Wifi akasema, na hakuhitaji kupaza sauti.